Rafiki yangu aliniambia sikuona kitu

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa hapa Moshi, mwanamke wa miaka 33, fundi cherehani, nina mtoto mmoja. Naomba usinitaje jina. Barua hii nimeiandika mara tatu na mara mbili nimeifuta, maana kila nikiisoma naona kama namsema vibaya mtu ambaye kwangu ametenda mema tu.

Tuko marafiki sita, tulisoma sekondari pamoja. Kila mwaka, mapumziko ya Siku ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba, tunachanga fedha, tunajaza gari moja na kwenda milimani. Tumeshalala Marangu, tumeshapanda Usangi, na mwaka jana tulikwenda Lushoto. Mimi nashinda nimeinamia cherehani mwaka mzima, kwa hiyo siku hizo tatu ndizo pumzi yangu. Tukishaiacha Himo na milima ya Upare ikaanza kutusindikiza mkono wa kushoto, mabega yangu hushuka yenyewe.

Dereva wetu ni rafiki yetu, nitamwita K. Gari ni lake, Noah, na ana duka la spea mjini. Mama, lazima nikueleze kwanza K. ni nani kwetu. Mwaka 2021 mama yangu alipandwa na presha saa tisa usiku. Nilimpigia K. nikilia hata maneno hayatoki. Alifika na kandambili miguuni, akambeba mama mgongoni hadi kwenye gari, akatufikisha hospitali ya KCMC, akalala kwenye benchi mpaka kulipokucha. Hajawahi kulitaja jambo hilo tena. Mama humwita "mwanangu".

Mwaka jana tulipanga kuondoka Lushoto saa nane mchana. Tukachelewa Irente, pale mwambani unapoitazama Mazinde chini kabisa, kila mtu anataka picha. Tukaondoka saa kumi na moja na nusu. Kufika Soni mvua ikaanza, na mbele kidogo ukungu ukafunga barabara. Mimi nilikaa mbele kwa sababu nikikaa nyuma natapika. K. akaachia gari frii, yaani bila gia, akasema anaokoa mafuta, sheli ipo Mombo. Nyuma wanaimba.

Nikasikia harufu. Ilikuwa harufu ninayoijua kazini, ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Nikatazama chini nikaona mguu wa K. unakanyaga breki, unainuka, unakanyaga tena, na gari haisikii. Akasema polepole, "Mama yangu." Halafu akaiegemeza gari upande wa mlima, upande wangu, ikachubuka mtaroni mpaka ikasimama. Kioo cha pembeni kilivunjika. Palikuwa kimya, kisha mmoja akacheka, wote wakacheka, na mimi nikacheka. Tulikaa pale dakika arobaini, breki ikarudi, tukashuka taratibu. Mombo tulikunywa chai tukakubaliana kwamba yaliyotokea barabarani yaishie barabarani. K. akanigeukia akiwa anatabasamu: "Na wewe dada, hukuona kitu, sawa?" Nikasema sawa.

Mama, tangu siku hiyo hatujalizungumzia jambo hilo. Wenzangu nadhani wanajua tuliteleza tu kwa sababu ya mvua. Mimi naota mguu ule.

Mwaka huu wamepanga kwenda Mtae, mbele zaidi ya Lushoto. Nimeshatuma shilingi 80,000 kati ya 120,000. Na kuna jambo jipya: mdogo wangu wa miaka 19 amemaliza kidato cha sita, anakwenda chuo, na kundi limesema aje tumuage. Amefurahi mno. Nilipomwomba mama ruhusa, aliuliza swali moja tu: "Anaendesha K.?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi sina wasiwasi."

Usiku ule sikulala. Nikimwambia K. ninavyojisikia, naogopa itakuwa asante ya punda, mateke. Na yeye ndiye anayeuza spea, mimi fundi nguo nitamfundisha nini kuhusu breki? Nikinyamaza, nampakia mdogo wangu kwenye gari lile kwa mikono yangu. Nimefikiria kusema naumwa malaria. Nifanyeje?

Fundi, Moshi

*

Marahaba mwanangu. Na umsalimie mama yako.

Barua yako nimeisoma asubuhi, nikaiweka, nikaisoma tena jioni. Unayemwogopa kumuumiza ndiye aliyembeba mama yako mgongoni. Unayeogopa kumpoteza ni mdogo wako. Na katikati yao kuna jambo ulilolishuhudia peke yako, ukakubali kwa neno moja kwamba hukuliona. Umelibeba mwaka mzima. Pole sana. Ndoto hizo si udhaifu. Mtu aliyekaa kiti cha mbele akaona alichoona huendelea kukiona.

Umeandika kwamba tangu siku hiyo hamjazungumza. Mimi naona K. alizungumza. Pale Mombo, kati ya watu watano, alikugeukia wewe. Hakumwambia aliyekuwa anaimba nyuma kwamba hakuona kitu. Alikuambia wewe, kwa sababu alijua macho yako yalikuwa wapi. Kwa hiyo kama unadhani utamshtua kwa habari mpya, fikiria tena. Inawezekana naye amekaa mwaka mzima akijua kwamba unajua, akingoja siku utakayosema, au akiomba isifike. Sina hakika ni lipi kati ya hayo, na wewe pia huna. Ila mlango huo aliuacha wazi kidogo, hata kama alidhani anaufunga.

Niruhusu nikupe kisa cha nyumbani kwangu. Marehemu mume wangu aliendesha lori miaka mingi, akishusha kabichi na viazi kwenye barabara hiyohiyo ya Lushoto. Siku moja breki zilimwisha, akanusurika kwa namna kama yenu. Utingo wake alikuwa pembeni. Wiki iliyofuata utingo yule hakurudi kazini. Mume wangu aliamini kijana amemdharau, kwamba anapita vijiweni akimtangaza kuwa dereva mbovu. Hakuniambia hata mimi. Miaka mingi baadaye wakakutana msibani, ndipo kijana akamweleza kilichomkimbiza: usiku ule alipiga ukunga kama mtoto, akaona aibu kumtazama tajiri wake usoni. Kila mmoja alikuwa amejificha asionwe na mwenzake. Nililia siku aliponisimulia, si kwa sababu ya lori, bali kwa miaka ile yote iliyopotea kati ya watu wawili waliokuwa wakipendana.

Kwa hiyo nakuuliza, una uhakika gani kwamba wenzako wa nyuma hawajui? Harufu ya breki zilizoungua haikai kiti cha mbele peke yake. Na kicheko kile cha wote, ukiwemo wewe, mimi sikioni kuwa ushahidi kwamba hakuna aliyeogopa. Wewe ulicheka, na tunajua ulikuwa na nini moyoni.

Sasa hili la wewe kuwa fundi nguo. Naomba usilitumie kujinyamazisha. Nitakueleza ninavyoelewa kutokana na kuishi na dereva, ili ujue kwamba ulichokiona kina maelezo, na hofu yako ina msingi. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, na katika hizo unateremka karibu mita 1,000. Gari ikiwa frii, injini haisaidii kuizuia, mzigo wote wanaubeba breki. Zikikanyagwa mfululizo zinapata moto. Mafuta ya breki nayo, yakiwa ya siku nyingi, huwa yamefyonza unyevu, na joto likizidi huchemka na kutoa mapovu. Ndipo mguu unapokanyaga hewa kama ulivyoona. Zikipoa, breki hurudi, na ndiyo sababu baada ya dakika arobaini mliweza kushuka. Mume wangu alikuwa na kauli moja kwa kila kijana aliyemfundisha: gia uliyopandia mlima ndiyo utakayoshukia. Kwenye gari ya otomatiki unaweka 2 au L, na breki unaigusa na kuiachia.

Hata yale mafuta aliyosema anaokoa hayaokoki hivyo. Kwa magari mengi ya sasa, ukiteremka ukiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta ya injini hukata petroli. Ukiachia frii, injini inahitaji petroli ili isizime. Madereva wengi wazuri wana zoea hili, walilirithi enzi za magari ya zamani, na sina shaka K. naye alilipata kwa mtu aliyemheshimu. Nakueleza haya si ili ukamshinde kwa hoja. Nataka ujue kwamba unaweza kumwona K. kama mtu mwema mwenye zoea moja la hatari. Huhitaji kuchagua kati ya K. wa KCMC na K. wa mteremko wa Soni. Ni mtu mmoja.

Na hapo nafika kwenye methali uliyoiandika. Mateke ya punda ni ya yule anayelipa wema kwa ubaya. Kumwendea mtu kwa siri na kumwambia "niliogopa, na bado naogopa" sioni kama ni ubaya. Lakini naelewa kwa nini kwako kunafanana na ubaya. Ukiwa na deni kubwa kwa mtu, kila neno gumu unalomwambia huonekana ni kukataa kulilipa. Jiulize, K. alipokuja usiku ule na kandambili zake, alikuwa ananunua ukimya wako? Kwa namna ulivyomweleza, hajawahi hata kulitaja. Anayekudai ukimya si yeye. Huenda unajidai mwenyewe.

Tutazame njia zilizopo, na niseme wazi kwamba hakuna isiyo na gharama.

Njia iliyo karibu zaidi ni kukaa na K. wawili tu. Usiende dukani kwake wateja wakisikiliza, na usiandike kwenye simu, maana maandishi hayana sauti. Ungeweza kuanza na hofu yako kabla ya kosa lake: "K., kabla ya Mombo niliona mguu wako. Nilisema sikuona kitu, lakini niliona, na naota." Halafu unyamaze. Hilo la kunyamaza ndilo gumu kuliko maneno yenyewe, maana utatamani kujaza pengo kwa kuomba radhi. Hatari ni kwamba anaweza kukasirika, au akacheka tena, au akajitoa kwenye safari na kundi likakuuliza umemfanya nini. Aibu ya mwanamume mbele ya mtu aliyewahi kumsaidia ni nzito. Anaweza kukukwepa kwa muda. Anaweza pia kushusha pumzi. Huwezi kujua kabla hujafika.

Unaweza kuacha ya mwaka jana yalale na kuomba utaratibu wa mwaka huu: breki zikaguliwe na mafuta yake yabadilishwe, mlima mshuke mchana, ukungu ukifunga mnasimama, hakuna frii. Mtu yeyote kundini anaweza kuyasema hayo bila kumgusa mtu, na Oktoba vuli inapoanza ni maombi ya kawaida kabisa. Njia hii ni laini na huenda ikatosha. Shida yake ninaiona katika barua yako mwenyewe. Hata mwaka jana mlikuwa na utaratibu, mliondoka saa kumi na moja na nusu badala ya saa nane kwa sababu ya picha. Utaratibu usiojulikana chanzo chake ni rahisi kuvunjwa. Ukifika wakati huo, ni nani atakayesema "hapana, tunalala hapa leo"? Kama ni wewe, una nguvu ya kusema hivyo mbele ya watu ambao hawajui kwa nini unasema?

Kuna kumtafuta dereva wa kulipwa kwa ile sehemu ya kupanda na kushuka, au wewe na mdogo wako kwenda kwa basi hadi Mombo na kupanda gari za abiria za pale. Sikatai. Ila basi nalo linashuka mlima uleule, na dereva wake humjui, kwa hiyo usilichukue kama dawa. Na utakapoulizwa kwa nini mmepanda basi wakati gari ya rafiki ina nafasi, utarudi palepale, kwenye lile swali la kusema au kutosema. Labda kuna nafuu katika kubadilisha safari yenyewe. Mtae ni mbali, njia ni nyembamba, na kuaga mtoto anayekwenda chuo kunaweza kufanyika hata Marangu. Lakini milima mliyopenda mtaanza kuikwepa mmoja baada ya mwingine, na sababu haijasemwa.

Malaria ya kusingizia nimeifikiria sana, kwa sababu ni njia ambayo wengi wetu tungeikimbilia. Itakutoa wewe na mdogo wako kwenye gari. Itamwacha K. na wale wanne wakishuka mlima ule bila mtu hata mmoja wa kusema anachokijua. Sikwambii hivi ili nikutwishe maisha yao. Wao ni watu wazima, na uongozi wa gari si wako. Nakwambia kwa sababu nadhani utaliwazia hilo ukiwa nyumbani umejifunika shuka, saa hizo wao wako Soni.

Halafu kuna mama yako. Jibu lake ndilo lililokutoa usingizini, na naamini moyo wako ulifanya hesabu sahihi: anamwamini K. kwa usiku mmoja anaoujua, na kuna usiku mwingine asioujua. Je, unamkinga kwa sababu ya presha yake, au unakinga picha aliyonayo ya mwanawe K.? Yote mawili yanaeleweka. Kumwambia sasa, kabla hujazungumza na K., kunaweza kumfanya azuie safari na ampigie K. simu, jambo likawa la ukoo. Kutomwambia kabisa, na ukampeleka mdogo wako kwa ruhusa iliyojengwa juu ya jambo ulilolificha, ni mzigo ambao wewe peke yako unajua kama mabega yako yanauweza. Kuna na mdogo wako pia. Ana miaka 19. Ni mtu mzima anayepanda gari, na hakuna aliyefikiria kumuuliza yeye angependa kujua nini kabla hajafunga mkanda.

Ningekuwa karibu ningekuuliza uso kwa uso, katika hawa wote ni nani ambaye ukifikiria kumwambia ukweli, mwili wako unatulia kidogo? Huenda si K. wa kwanza. Huenda ni mmoja wa wale wa nyuma, unayemwamini, ambaye ungemuuliza tu, "Wewe unaikumbukaje ile siku?" na kusikiliza. Usishangae akikuambia naye anaota.

Fedha ulizotuma zisikusukume. Shilingi 80,000 ni nyingi kwa fundi, najua ni nguo ngapi hizo, lakini mhazini wenu ni rafiki, na kundi lililodumu miaka yote hii limeshamrudishia mtu mchango wake kwa sababu ndogo kuliko hii.

Bado kuna siku kabla ya tarehe 14. Usilazimike kufanya yote wiki hii. Na usiku ndoto ikikuamsha, inuka, washa taa, kunywa maji, tazama chumba chako na mtoto wako aliyelala. Gari ile ilisimama, mwanangu. K. aliiegemeza mlimani ikasimama, na hilo nalo uliliona. Ukipata nafasi ya kukaa naye, mwambie na hilo.

Niandikie mkirudi, au kama hamtakwenda. Na huyo mdogo wako umpe hongera zangu za kwenda chuo. Natumaini utamshonea gauni wewe mwenyewe.